Nani Alimnywesha Firdausi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimemleta! Firdausi yuko hapa kwangu Kisarawe, kalala chumba cha ndani, ndoo nimeiweka kando ya kitanda, mlango nimeufunga kwa kanga. Nimemleta mke mwenzangu!

Asubuhi simu. Eugenia, jirani wa mwanangu Badru kule Misugusugu, yule Mhaya mwenye kiduka. Ati bibi Firdausi njoo umchukue mjukuu wako, kalala mtaroni, watu wanampiga picha. Mtaroni! Binti wa miaka kumi na minane! Nilitoka na kandambili mbili zisizofanana. Gari mbili, bodaboda moja, nikafika.

Eugenia kashamtoa, kashamwosha, kamvika dera lake yeye. Pombe inanuka mpaka kwenye nywele. Kachupa ka plastiki bado kako mkononi, kakashika kama mtoto anavyoshika titi. Nilipojaribu kukachukua alinisukuma. Mimi! Halafu akanitambua, akalia.

Na baba mtu? Yuko ndani, kalala na viatu. Saa nne ya asubuhi, jua limejaa uwanjani! Nikampiga na kandambili, ile ngumu. Kafumbua jicho moja. Shikamoo mama. Marahaba, mzoga wee.

Mama yake Firdausi, Fadhila, alirudi kwao Rufiji huu mwaka wa nne. Alichoka ngumi. Simlaumu. Alitaka kuondoka na mtoto, Badru akakataa, na mimi nikasimama na mwanangu. Nikasema mtoto ni wa baba. Mjinga mimi. Mjinga!

Lakini nimemleta.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Katapika uji mara mbili, mara ya tatu ukakaa. Mikono inamtetemeka, kikombe namshikia mimi. Jasho! Nimembadilisha shuka tatu.

Nikamtania kidogo. Nikamwambia mke mwenzangu, babu yako angekuona hivi angekupa talaka nikabaki peke yangu na ufalme. Kacheka! Meno nimeyaona. Kasema, "Acha zako bibi, kichwa kinauma."

Nikamuuliza nani anakupa hiyo pombe. Kageukia ukutani. Nikauliza tena. Ukutani.

Mimi darasani sikukaa hata siku moja. Herufi zote nilizonazo kanipa mtoto huyu, wakati huo yuko darasa la tatu, likizo, ananiandikia mlangoni kwa kipande cha mhogo mkavu. Nikikosea ananichapa na kijiti cha ufagio, anasema bibi wewe si mzito, wewe unacheza tu. Hata karatasi hizi ni zake, kurasa zilizobaki kwenye daftari la kidato cha nne. Mbele kuna mambo ya maua na mizizi kwa mwandiko wake mzuri. Nyuma ndiyo mie na kucha zangu za kuku.

Basi mtu mmoja, kiumbe mwenye miguu miwili, kamtia pombe mdomoni mtoto kama huyu. Nitamjua. Wallahi nitamjua!

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekwenda kwa Shehe Bilali. Nataka halbadiri! Isomwe hapa hapa uani kwangu, imwendee yeyote aliyemnywesha mjukuu wangu.

Shehe tumekua pamoja, tumechunga mbuzi wa baba yake, kwa hiyo hanifichi. Kasema, "Tatu, kitabu hiki si bakora. Bakora unaiona inakwenda wapi." Nikamwambia na iende inakotaka. Kasema halbadiri haina adabu ya kupiga hodi, inamtafuta mwenye kosa hata akiwa uvunguni kwako. Nikamwambia uvunguni kwangu kuna sufuria na panya, na hao panya nao iwapitie!

Kacheka mpaka kofia ikamtoka. Halafu kaiokota, kaipangusa vumbi. Kasema vijana wake wa madrasa siku hizi wanampinga, wanasema mambo hayo hayamo kwenye dini. Nikamuuliza, na msichana kulala mtaroni, hilo limo?

Kakubali. Ijumaa ya tarehe 15, baada ya Alasiri. Kanipa siku kumi na moja, ati nitulie. Nani kamwambia nataka kutulia?

Jumatano, 6 Agosti 2025

Koo limekauka! Nimekwenda Misugusugu nikatangaza. Nimesimama pale wanapoegesha bodaboda, saa tano asubuhi, watu tele, nikapandisha sauti. Mimi ni bibi yake Firdausi wa Badru fundi. Ijumaa ya wiki ijayo nasoma halbadiri. Aliyempa mjukuu wangu pombe, aliyemuuzia, aliyemletea, aliyemwonjesha, anayo nafasi ya kuja kwangu kusema kwa mdomo wake. Asipokuja, shauri yake na tumbo lake!

Muuza mihogo kaacha mihogo inaungua. Kijana mmoja kanirekodi na simu. Ati nimeshaingia kwenye grupu la mtaa. Vizuri! Niingie na kwenye redio!

Badru sikumwona. Kaenda kazini au kajificha, sijui.

Kurudi nikamkuta Firdausi kafagia uwanja wote. Nikamweleza nilichofanya. Ufagio ukamwanguka. Nikadhani udhaifu, nikampa chai.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Inafanya kazi! Hata haijasomwa, inafanya kazi!

Saa tatu pikipiki mlangoni. Kijana mrefu, kofia ngumu kaishika kifuani kama yuko msibani. Shikamoo bimkubwa, naitwa Silvanus. Marahaba, umeleta nini? Kasema, "Nimeleta mimi mwenyewe."

Nilimweka juu ya kinu akae. Kaeleza kuwa Firdausi alikuwa anampigia simu amletee vile vichupa, na yeye analeta, mara nyingine bila nauli, kwa sababu — kakitazama kinu — kwa sababu binti ni mzuri. Mzuri! Nikamwambia mzuri unampelekea sumu, mbaya ungempelekea nini?

Kauliza, "Bimkubwa, kweli tumbo linavimba?"

"Linavimba mpaka kitovu kinageuka nje."

"Lakini mimi ni Mkatoliki."

"Halbadiri haiulizi cheti cha ubatizo, baba."

Jasho likamtoka, masikini. Ana miaka ishirini na mbili na masharubu matatu. Kaapa hatampelekea tena. Nikamwambia siku ya Ijumaa aje aseme mbele ya watu. Nikampa muhogo wa kuchemsha na chai. Kala wote! Mtu mwenye hofu hali vile. Nadhani ni mtoto mwema aliyekosa mtu wa kumpiga kibao.

Firdausi alikuwa nyuma ya mlango, kasikia yote. Kasema, "Bibi, huyo hakunianzisha."

Nani sasa? Ukutani tena.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Watu wamekwenda kwenye maonyesho, kwangu maonyesho yamekuja yenyewe.

Eugenia! Kashuka na mkungu wa ndizi kichwani na macho mekundu. Kapiga magoti pale pale mlangoni kama kwao wanavyoamkia wakubwa. Nikamwambia inuka mwanangu, wewe ndiye uliyemtoa mtaroni. Hakuinuka.

Ndiye muuzaji.

Kasema, "Mama, mtoto alikuwa anatumwa. Tangu ana miaka kumi na mmoja anakuja na chupa tupu, baba kasema. Nitamuuliza nini mtoto aliyetumwa?" Kweli, nani anamuuliza? Mtoto akitumwa anapewa, anakimbia nyumbani. Sote tumetumwa, sote tumetuma. Kisha kasema lile linalomnyima usingizi. Mwaka juzi Badru alipata kazi Chalinze, kakaa kule wiki tatu. Na kila jioni Firdausi kaja na chupa, baba kasema. "Na mimi nilijua baba hayupo, mama. Nilijua. Nikampa."

Nilitaka kumrukia. Naandika ukweli, hasomi mtu. Nilimshika mabega nikamtikisa mpaka kilemba kikadondoka. Halafu sijui, nikajikuta nimemkumbatia, tunalia wote wawili kama tumefiwa. Ana watoto watano na mume yuko mbali. Nikamwambia Ijumaa uje. Kasema nitakuja mama, hata likinivimba.

Zile ndizi tumezipika na nyama. Firdausi kakaa naye jikoni. Hawakusemezana, walimenya tu. Lakini walimenya kutoka sinia moja.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kala ugali na kisamvu, sahani mbili! Mikono imetulia. Kanisahihishia daftari hili, kasema "Alhamisi" nimeandika kwa Z. Nikamziba macho na kanga kabla hajasoma mengine.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Kaja Badru.

Kaja mkavu! Kaoga, kanyoa. Lakini anatetemeka kama kuku wa mvua, ngozi ya kijivu. Toka Alhamisi hajanywa, alipoona video yangu kwenye simu ya fundi mwenzake. Hofu imemkata kiu.

Nilimwacha asimame. Firdausi kaketi na ungo wa mchele, kamwamkia bila kuinua uso.

Kasema, "Mama, usisome. Itanikuta mimi."

Nikamwambia sema.

Kasema ndiyo alikuwa anamtuma. Kasema jioni akirudi kazini amechoka, mtoto anamfungulia chupa na kummiminia, na siku moja alimwona anaonja kifuniko, akacheka. Kamwita bwana shamba, anakagua mazao. Ikawa mchezo wao. Kifuniko kimoja kwa binti, glasi kwa baba. Mama yake alipopiga kelele, Badru akampiga mama. "Baada ya Fadhila kuondoka tulikuwa wawili tu, mama. Nilikuwa naona raha kuwa na mtu wa kukaa naye."

Mungu wangu. Mtoto wangu. Mtu mzima wa miaka arobaini na nne anamfanya bintiye mwenzi wa kilabuni ati kwa upweke!

Nikampiga makofi mawili. La tatu mkono haukwenda. Alikuwa ananipa shavu.

Firdausi kaendelea kupembua mchele. Hakuna chuya hata moja iliyobaki na bado anapembua.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimewafikisha wote wawili zahanati. Nesi pale ni Atupele, Mnyakyusa, hacheki na mtu, nampenda. Kamkaripia Badru, ati mlevi wa miaka mingi haachi ghafla peke yake ndani kama anayezima taa, anaweza kupata degedege akafa. Kampa vidonge, kampa tarehe za kurudi, kampa na namba yake ya simu.

Kisha kaniketisha mimi pembeni. Kasema mtoto aliyelelewa na mlevi si lazima awe mlevi, ila njia yake imeshafyekwa, akiteleza kidogo tu anajikuta ameshafika mbali. Kasema anawaona kila wiki, vijana, wengine pombe, wengine bangi, wengine dawa ya kikohozi wanachanganya na soda. Ukiuliza nyumbani nani anakunywa, wanainama. Nikamuuliza dawa yake nini. Kasema kwanza nyumba nzima iache kudanganyana.

Njiani Firdausi katamka, wazi, baba yake anasikia. "Baba akiacha na mimi naacha. Baba akinywa, bibi, usijisumbue na mimi."

Badru kasimama katikati ya barabara. Bodaboda nusura imgonge.

Karudi Misugusugu jioni hii, anajengea watu ukuta, haujaisha. Kaahidi Ijumaa. Simu nitampigia asubuhi, mchana na magharibi. Nimeshampigia kujua kafika, namwambia nitolee pumzi nisikie! Anasema mama pumzi haisikiki harufu kwenye simu. Namwambia toa tu!

Jumanne, 12 Agosti 2025

Leo nilikuwa na furaha. Nimenunua ubani, nimepanga mikeka, nahesabu majina kwa vidole: Silvanus, Eugenia, Badru. Nikasema mke mwenzangu, bado nani? Nani mwingine alikupa, nimweke kwenye mstari?

Kasema, "Bibi, ukisoma anza na jina lako."

Nikacheka. Hakucheka.

Kasema, "Nilipokuwa na surua."

Kumbe anakumbuka. Alikuwa na miaka sita, kaletwa kwangu anachemka, vipele vimegoma kutoka. Nikampa tembo la mnazi, kikombe asubuhi, kikombe jioni, vipele vitoke nje. Ndivyo ilivyo, ndivyo mama yangu alinifanyia mimi, watoto wote wa hapa wametibiwa hivyo. Alipopona aliendelea kuliomba na mimi niliendelea kumpa. Lile tamu la asubuhi, nikasema tamu si pombe. Alikuwa anachangamka, anaimba, anacheza. Nilikuwa naita majirani waje wamwone.

Kasema, "Nilijisikia joto bibi, kama mtu kanikumbatia kwa ndani. Sijawahi kulisahau."

Na huyo baba yake! Marehemu mume wangu alikuwa mgema. Badru ndiye aliyepeleka vibuyu kwa wateja, ana miaka minane, tisa. Anarudi macho yanang'aa. Tukacheka. Tulikuwa tunamwita mgema mdogo.

Tukacheka.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Leo sina la kuandika. Nimepalilia mpaka jua likanishinda.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimekwenda kwa shehe tena. Nikamwambia Bilali, imefika uvunguni. Hakuniuliza maana yake. Kafunga kitabu.

Nikamwambia hatusomi. Lakini watu nimewaita na watakuja! Basi waje, kila mtu asimame juu ya mkeka aseme alichompa mtoto huyu, kwa sauti, na aseme hatampa tena. Naanza mimi. Wewe uombe dua ya kawaida, ya kuponya, uondoke na pilau yako.

Kasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia na mimi sijawahi, ndiyo maana sikulala!

Kasema, "Na kama watu wakikucheka, Tatu?" Nikamwambia nimecheka mimi miaka arobaini, sasa na wao.

Badru simuni leo sauti nzito. Nikamwambia toa pumzi. Katoa. Nikamuuliza umekunywa? Kasema mama, nimechoka tu. Sijui. Sauti ya uchovu na sauti ya pombe ni ndugu. Nimemwagiza Silvanus amchukue kwa pikipiki kesho, asimwache kushuka popote.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Wamekuja! Uwanja umejaa! Nimesema! Nimesimama mbele ya watu nikasema: mimi Tatu binti Mwinshehe, nilimpa mwanangu tembo nikacheka, nilimpa mjukuu wangu tembo nikaliita dawa. Simpi tena yeye wala mtoto wa mtu yeyote. Hata mtoto wa jirani kaacha kulia. Hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja tu kule nyuma kasema, "Na mimi wangu nilimpa," halafu kafunika uso.

Eugenia kasema. Silvanus kasema, sauti imekatika kama ya jogoo mchanga.

Zamu ya Badru ikafika, ya mwisho. Nilimnusa mbele ya watu wote, sikuona haya. Sabuni. Jasho. Saruji. Na kitu kingine kwa chini, au ni pua yangu tu yenye wasiwasi. Kasimama kwenye mkeka. Kafungua mdomo, maneno hayakuja. Shehe kasema chukua muda wako mwanangu.

Hapo Firdausi kainuka. Kaingia ndani, nasikia godoro linaburutwa. Katoka na vichupa viwili vya plastiki, vimejaa, havijafunguliwa. Kaviweka mkekani mbele ya baba yake. Chumbani kwangu! Wiki mbili nafagia chumba kile, nabadilisha mashuka, nageuza mpaka mto!

Kasema alikuja navyo kwenye furushi la nguo zake. Kasema kila siku anavipapasa tu kama vipo, halafu analala.

Badru anavitazama. Wote tunamtazama Badru.

Firdausi kamwambia, "Baba, twende tukamwage. Mimi na wewe tu." Kachukua kimoja, kampa baba yake kimoja.

Wameshikana mikono wamekwenda nyuma ya nyumba, upande wa shimo la taka, pale penye migomba. Si mbali. Kutoka hapa mlangoni ni kama hatua thelathini, ila migomba imeziba.

Huu muda mrefu sasa. Kumwaga vichupa viwili si kazi. Shehe kamaliza kahawa, kaomba nyingine, kaimaliza. Pilau inapoa. Silvanus keshasimama mara mbili, mara mbili nimemkalisha kwa jicho. Nimewaambia wote mtu asiende kule. Nimechukua daftari nimekaa hapa kizingitini naandika, miguu yangu isije ikanipeleka.

Sisikii kitu. Kuku tu.

Sasa nasikia. Firdausi anacheka. Ndiye, namjua. Na Badru naye. Wanacheka wote wawili, kwa nguvu, kama zamani. Kicheko cha nini hicho, cha kumwaga au cha kifuniko? Watu wamegeuka wananitazama usoni.

Eugenia kainuka, kashika kanga yake, anataka kwenda kuchungulia.

Nimemwambia kaa.